Ploti ya Nne

Saa nne asubuhi ya Alhamisi majembe matatu yalikuwa yameshaingia kwenye mtama wa Mzee Maige, na nusu ya kijiji cha Ng'wamadilu ilikuwa imesimama barabarani kungoja maiti.

Inspekta Klara Bujiku alisimama ndani ya kamba, mikono nyuma, akitamani watu wangenyamaza. Hawakunyamaza. Mama mmoja alikuwa ameshaanza kulia, ingawa mpaka dakika hiyo kilichotoka ardhini kilikuwa udongo tu. Klara alikuwa na miaka kumi na tisa katika upelelezi mkoani Shinyanga, na mara tano alikuwa amesimamia kufukuliwa kwa makaburi ya siri. Hakuzoea hata mara moja.

Aliyekuwa akitafutwa ni Eufrasia, mwanafunzi wa shahada ya pili ya kilimo, binti wa miaka ishirini na sita kutoka Bukoba. Huu ulikuwa msimu wake wa pili akiishi nyumbani kwa Mzee Maige na kufanya utafiti katika shamba la mzee huyo: ploti nne za mtama, zimepangwa mstari mmoja kando ya barabara iendayo machimbo ya Mwakitolyo. Jumanne asubuhi alitoka na mkoba wake wa kazi na hakurudi. Simu yake ikazimika mchana wa siku hiyohiyo. Kisha jirani akasema alfajiri ya Jumanne alimwona Mzee Maige akisukuma toroli lililofunikwa gunia, anaelekea ploti ya nne. Askari walipokwenda kuangalia, wakakuta udongo umechimbuliwa upya katikati ya mistari. Wakamuuliza mzee alikuwa wapi alfajiri ile. Akasema alikuwa amelala.

Ni uongo huo mmoja uliomtia pingu. Sasa alikuwa amekaa chini, ameegemea gurudumu la gari la polisi, kofia yake imeanguka na hakuna aliyemwokotea.

"Inspekta," alisema Mayala, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, mtu mrefu mwenye filimbi shingoni na rungu mkononi. "Mkishamtoa binti wa watu humo, mtuachie huyu mzee nusu saa tu."

"Ukimgusa, nitakupakia wewe kwenye gari nimwache yeye."

"Watu wamekasirika. Nyumba yake ikiwaka moto leo, msiniulize mimi."

"Nitakuuliza wewe wa kwanza," alisema Klara, akamgeuzia mgongo.

Alikuwa akimtazama mzee. Majembe yaliposhuka, Maige alifumba macho mara kwa mara, na watu wakagusana viwiko, mnaona, mnaona. Lakini Klara alizaliwa Mhunze, kwenye familia ya wakulima, na alianza kuhesabu. Shimo lilipoongezwa kina, mzee alitulia. Jembe lilipokata shina la mtama, ndipo alipofumba macho.

"Afande, kuna harufu," alisema Konstebo Eustace.

Eustace alikuwa kijana wa Tanga mjini, hodari kwa kompyuta na mbio, na kwake shamba lilikuwa kitu cha kuangaliwa kupitia dirisha la basi. Alikuwa ameziba pua kwa kiwiko. Barabarani kelele zikapanda, kamba ikasukumwa. Klara akachuchumaa kando ya shimo, akachota kiganja cha kitu cheusi chenye unyevu, akakisugua kwa kidole gumba, akakinusa.

"Simamisheni majembe."

"Ni yeye?"

"Ni mavi ya ng'ombe, Eustace. Samadi."

Aliwaelekeza askari wafukue kwa mikono sehemu nyingine nne, mbali mbali. Kila mahali ilikuwa vilevile: kishimo chenye kina cha kiganja, samadi iliyoiva vizuri, juu yake udongo mkavu umerudishwa kwa uangalifu, na juu ya udongo majani makavu yametandazwa ili usionekane umeguswa. Vishimo vilifuata mistari ya mtama, mwanzo hadi mwisho. Vilizidi arobaini.

"Anayezika mtu huchimba shimo moja kubwa," alisema Klara akijipangusa mikono. "Hachimbi vidogo arobaini."

"Sasa kwa nini amedanganya kuhusu mbolea?"

Klara alifungua daftari la Eufrasia alilolichukua chumbani kwake jana yake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na ramani. Ploti ya kwanza, mtama na choroko. Ya pili, mtama na samadi. Ya tatu, mtama na mabaki ya mazao yaliyotandazwa juu ya udongo. Ya nne, mtama peke yake, ya kulinganishia, na chini yake kwa wino mwekundu: HAIONGEZWI KITU CHOCHOTE.

Alilifunga daftari. Alianza kumwonea huruma mzee yule, na huruma ni kitu ambacho hakukipenda kabla ya saa sita mchana.

*

Alimhoji nyuma ya zizi, mbali na masikio ya watu. Mke wa mzee, Mama Salome, alileta vigoda viwili akaondoka bila kuinua macho. Klara akamfungua mzee pingu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Maige alijisugua vifundo.

"Ploti ya nne umeitia samadi."

Mzee alijikung'uta vumbi magotini.

"Baba, mimi mtoto wa mkulima. Usinisumbue. Binti ana siku ya tatu hajulikani alipo. Huko nje wanataka kukuchomea nyumba. Niambie."

Mzee alitazama ng'ombe wake zizini, kama thelathini hivi, wote na afya zao.

"Wanaiita yatima," alisema hatimaye. "Ile ploti. Iko barabarani kabisa, kila anayekwenda mnadani anaipita. Mtama wa huku umesimama, wa huku umesimama, ule pale mwembamba, wa njano. Wanaulizana, yatima wa Maige anaendeleaje leo? Wengine wananiita kabisa. Maige, ng'ombe wamekuishia? Mimi huyu! Nikamwambia binti, tuionjeshe kidogo tu. Akasema hapana baba, hiyo ibaki hivyohivyo, bila hiyo hizi nyingine hazina maana. Nikasema sawa. Nikavumilia wiki mbili."

"Halafu?"

"Nikashindwa."

"Lini?"

"Msimu uliopita."

Klara aliacha kuandika. "Misimu yote miwili?"

"Alfajiri, kabla hajaamka. Nafukia, natandaza majani."

"Na yeye alipopima mtama?"

"Ukatoka sawa na wa ploti ya pili. Akapima tena. Akahesabu punje, akakausha, akapima. Mwalimu wake wa chuo akampigia simu, akamwambia, takwimu zako hazieleweki, kama huwezi kueleza ploti ya nne, utafiti huu nitaukataa. Alilia pale jikoni, Inspekta. Mama Salome akambembeleza. Mimi nikatoka nje kuangalia ng'ombe."

"Na msimu huu ukaendelea."

"Ningeacha ghafla, angejua."

Klara alitaka kucheka na alitaka kumpiga kofi, vyote kwa pamoja. Hakufanya hata kimoja. Alisogeza kigoda karibu.

"Hilo tumelimaliza. Sasa nataka Jumatatu jioni. Mara ya mwisho mmekaa pamoja, mlizungumza nini? Maneno yenyewe."

"Mambo ya kawaida. Tulikula. Akaniuliza kuhusu mvua ya Jumapili."

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza, baba, ploti ya nne inapata wapi rutuba? Wewe umelima hapa miaka yote, unadhani ni nini?"

"Ukamjibuje?"

Mzee akainuka nusu kwenye kigoda, akakaa tena.

"Ukamjibuje, baba?"

"Nilimwambia labda korongo. Mvua kubwa ikinyesha, korongo hufurika, hupita pembeni mwa ploti ya nne. Nikasema labda linaleta udongo mzuri kutoka juu." Aliinua mkono ukiwa mzito, akaonyesha miinuko ya upande wa machimbo. "Kule kwenye marudio."

Marudio ni mchanga unaobaki baada ya mawe ya dhahabu kusagwa na kuoshwa. Huko juu ulikuwa umerundikwa vilima kwa vilima, na kila kilima kilikuwa na mwenyewe na walinzi wake.

"Kwa nini hukusema tangu Jumanne?"

"Sikujua kama amekwenda. Nilidhani ameniona na toroli. Nilidhani amekasirika, ameondoka zake Shinyanga bila kuaga, na ana haki." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Ng'wanone," alisema, mwanangu, kwa Kisukuma, na hakuwa akimwambia Klara. "Ni mimi niliyemtuma kule."

Klara hakumwambia kwamba si yeye. Ilikuwa kweli, na muda wa kubembelezana haukuwepo.

*

Aliwaacha askari wawili kulinda nyumba ya mzee, akaondoka na Eustace. Mayala pia alimchukua. Alijua njia za huko juu, na zaidi ya hapo Klara alitaka rungu lile liwe mbali na ile nyumba.

Korongo lilikuwa na tope chini na kingo za udongo mwekundu. Tangu Jumapili mvua haikunyesha, jambo la bahati. Kigingi cha kwanza walikikuta hatua chache juu ya shamba: kijiti kilichochongwa, utepe wa njano, namba 1 kwa kalamu ya wino mzito. Kando yake palikuwa na tundu la mviringo, jembamba kama kikombe cha kahawa, limeingia ardhini wima.

"Hii ni nini?" aliuliza Mayala.

"Kazi yake." Klara alifungua daftari. "Ameandika hapa anavyofanya. Kila hatua hamsini anatoboa kwa chuma chake kama keekee, sentimita ishirini kwenda chini. Udongo anautia kwenye mfuko wenye namba, pembeni anachomeka kigingi chenye namba ileile. Hatua hamsini. Hesabu, Eustace."

Eustace alihesabu. Hamsini na mbili, kigingi namba 2, tundu. Arobaini na tisa, namba 3, tundu. Binti alikuwa makini kuliko baadhi ya askari ambao Klara alikuwa amewafundisha. Saa saba walifika kigingi cha kumi, na hapo korongo liligawanyika. Mkono wa kulia ulipanda kuelekea marudio. Wa kushoto ulijipinda kurudi barabarani.

Kigingi cha kumi na moja kilikuwa kushoto. Cha kumi na mbili pia, na cha kumi na tatu kilikuwa kimechomekwa ukingoni mwa barabara kabisa, utepe wake ukipepea.

"Basi," alisema Eustace, na sauti yake ilikuwa na nafuu. "Amemaliza, akapanda bodaboda. Afande, tupige Shinyanga mjini, stendi na nyumba za wageni."

"Ndiyo hivyo," alisema Mayala. "Tumesumbuka bure. Binti yuko mjini anakula chipsi."

Klara alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi kando ya kigingi. Aliinuka akarudi kwenye cha kumi na mbili, akapiga magoti tena. Kisha cha kumi na moja. Waliokuwa naye wakasubiri juani.

"Eustace. Kutoka hiki mpaka kile, hatua ngapi?"

Akapima. "Thelathini na moja."

"Na kile cha mwisho?"

"Ishirini na sita."

"Binti anayehesabu hamsini mara kumi, ghafla amesahau kuhesabu. Haya, nionyeshe matundu."

Eustace akainama, akazunguka kigingi, akapapasa majani. Akaenda kwenye kingine. Aliporudi nafuu ilikuwa imemtoka usoni.

"Hakuna, afande."

"Kigingi unaweza kukichomoa ukakipeleka utakako," alisema Klara. "Tundu hulibebi."

Walirudi kwenye njia panda ya korongo, wakashika mkono wa kulia. Hatua hamsini, tundu bila kigingi. Hatua hamsini na moja, tundu. Hamsini, tundu lingine, na kando yake alama mbichi ya kijiti kilichong'olewa. Mayala alikuwa ameacha kuzungusha rungu.

Tundu la kumi na nne lilikuwa na kina cha kidole tu. Lilikuwa limeanzwa, halikumalizwa. Udongo uliolizunguka ulikuwa umekanyagwa na viatu vikubwa, jozi mbili, labda tatu. Kutoka hapo mtu angeweza kuona mabati ya uzio, na nyuma ya uzio vilima vya kijivu.

"Anayehamisha vigingi anajua polisi watakuja," alisema Klara kwa sauti ndogo. "Kama binti angepita tu akaenda zake, asingekuwa na haja. Mayala, hapa ni pa nani?"

"Pa Cornel. Mtu wa Geita. Anakuja mara moja kwa wiki."

"Simu inashika?"

Eustace alinyanyua simu juu. "Kidogo." Akapiga. "Askari wa Mwakitolyo wanasema watafika baada ya dakika arobaini."

Dakika arobaini. Klara alifikiria siku tatu, na simu iliyozimika mchana wa Jumanne. Alikuwa na kitenge, raba, na bastola chini ya sweta. Eustace alikuwa na fulana na tabasamu la mwanafunzi.

"Mayala, kaa hapa nje. Nikiita jina lako, piga filimbi mpaka mapafu yakuume. Eustace, wewe ni mwanangu na una kiu."

*

Ndani ya uzio wanaume wanne walikuwa wakila ugali kivulini. Karasha, mashine ya kusagia mawe, ilikuwa imezimwa. Kulikuwa na mabwawa mawili yaliyotandikwa turubai jeusi, maji yake yakinuka dawa, na kibanda cha mabati chenye mlango mmoja. Mwanaume mmoja aliinuka, mnene, panga kiunoni.

"Habari za kazi, baba," alisema Klara.

"Nzuri, mama. Mmepotea?"

"Tumetoka barabarani, pikipiki imetuharibikia. Mwanangu ana kiu."

"Maji ya kunywa yapo kwenye dumu. Yale ya bwawani msiguse." Alikuwa na adabu, na hakuwa ameondoa mkono kwenye panga. "Mimi George, msimamizi. Mkinywa, mnaondoka. Bosi hapendi wageni."

Eustace alikunywa polepole, kama mtu aliyetumwa kunywa polepole. Klara alijipepea kwa ncha ya kitenge, akatazama huku na huku kama mama yeyote mbea. Vilima. Majembe. Turubai lenye mchanga uliokuwa ukikaushwa juani. Mlango wa kibanda. Pete mbili za chuma zilikuwa zinaning'inia, na kati yake, badala ya kufuli, palikuwa pamepitishwa chuma kirefu chenye mpini wa mbao na ncha iliyojisokota kama keekee.

Klara alikitambua kutoka daftarini. Akaendelea kujipepea.

"Hamna hata kufuli hapa?" alisema. "Machimbo yenye dhahabu?"

"Ufunguo umeondoka na bosi. Tunabana hivyohivyo."

"Na hicho chuma ni cha kazi gani? Sijawahi kukiona."

"Cha kuchimbia sampuli." George alijibu haraka. "Mama, mwanao ameshakunywa."

"Mbona kimepakwa mstari mwekundu?"

"Kuonyesha kina."

"Kina gani?"

"Kina cha dhahabu."

"Sentimita ishirini?" alisema Klara. "Dhahabu ya hapa mnaichimba kwa vidole?"

Wanaume watatu waliacha kutafuna. George alitazama chuma, akamtazama Klara, na safari hii alimtazama vizuri.

"Wewe ni nani?"

"Inspekta Klara Bujiku, polisi Shinyanga. Weka panga chini. Mayala!"

Filimbi ililia nje ya mabati, kali, bila kupumzika, na kutoka mbali kwenye mashamba filimbi nyingine ikaitikia, kisha nyingine. Sungusungu hawaulizi kwanza, wanakuja. George alijua hilo kama kila mtu wa ukanda ule. Alikuwa amevuta panga nusu. Klara alikuwa ameshatoa bastola.

"Hatujamgusa," alisema George, na panga likaanguka. "Mungu anaona, hatujamgusa. Bosi alisema tumshike mpaka arudi kutoka Geita, aseme nani kamtuma."

Eustace alishachomoa chuma.

Ndani palikuwa na joto la tanuri na giza. Eufrasia alikuwa amekaa sakafuni katikati ya magunia, midomo imepasuka, mkoba wake ameukumbatia kifuani. Alifinya macho kwa mwanga.

"Msiimwage mifuko," alisema. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyelia ikamwisha. "Ipo kumi na tatu. Tafadhali."

Klara alipiga magoti akamshika mkono. Ulikuwa wa moto, na ulikuwa hai.

"Waliniona natoboa, natia namba kwenye mifuko," alisema Eufrasia alipokwisha kunywa. "Wakasema nimetumwa na mwekezaji. Kwamba mtu akija hapa na vifuko vya udongo vyenye namba, mwezi ujao anakuja mwingine na karatasi kuwafukuza. Nikawaambia natafuta kwa nini mtama wa ploti ya nne unastawi. Wakacheka."

"Mtu gani atatembea juani hivyo kwa ajili ya mtama?" alisema George. Alikuwa amekaa chini, mikono kichwani, na aliuliza kwa dhati kabisa.

*

Gari la askari wa Mwakitolyo lilifika Ng'wamadilu jua likiwa limeinama. Watu walikuwa bado barabarani, wengi zaidi. Eufrasia aliposhuka, akishikwa mkono na Eustace, kelele ziligeuka vigelegele, na Mama Salome alikuja mbio na kanga moja, akamkumbatia mpaka wote wawili wakayumba. Mayala aliokota kofia ya Mzee Maige kutoka chini, akaipangusa vumbi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akampelekea mwenyewe. Mzee aliipokea bila kumtazama.

Klara hakuwa amemwambia binti kitu njiani. Kesi yake ilikuwa George na Cornel. Hili lingine halikuwa na kifungu cha sheria.

Eufrasia alikuwa amesimama mbele ya ploti ya nne. Mistari miwili ilikuwa imelala chini, mizizi juu.

"Nani amechimba?"

"Mimi," alisema Klara. "Nilikuwa nakutafuta wewe."

"Humu?"

Hapo mzee alisogea. Watu walimpisha. Alishika kofia mkononi, akasimama mbele ya binti mdogo kuliko mwanawe wa mwisho.

"Eufrasia. Si korongo," alisema. "Ni mimi. Niliitia samadi. Msimu ule, na huu."

Kijiji kizima kilisikia. Wale waliozoea kuuliza hali ya yatima wakaangalia viatu vyao.

Binti alimtazama. Kisha akainama, akachota kile cheusi kilichokuwa kimetapakaa, akakisugua kwa kidole gumba, kama Klara alivyofanya asubuhi.

"Misimu miwili, baba," alisema. Akarudia kwa nguvu, na sauti ikamkatika. "Misimu miwili! Nimekaa kwenye kile kibanda siku tatu najiuliza ni nini!"

"Najua."

"Hujui!"

Alikaa chini kwenye tuta, uso mikononi, akalia. Hakuna aliyemsogelea. Mzee alibaki amesimama na kofia yake, akiwa kama anayesubiri kupigwa. Jua lilishuka kidogo zaidi. Ng'ombe walikuwa wakirudi zizini, kengele zao zikilia.

Hatimaye Eufrasia alijifuta kwa kanga ya Mama Salome. Alinyoosha mkono kuelekea kwa Klara, kiganja juu. Klara alichukua muda kuelewa, kisha akampa daftari, na kalamu yake mwenyewe.

"Matoroli mangapi?" alisema Eufrasia.

Mzee alipepesa macho. "Eeh?"

"Samadi. Matoroli mangapi?"

"Msimu wa kwanza manne." Alihesabu kwa vidole. "La kwanza siku ya mnada wa kwanza baada ya palizi. Mawili wiki iliyofuata. La nne mtama ulipofika kiunoni. Msimu huu sita. La mwisho Jumanne, halikujaa."

"Halikujaa kiasi gani?"

Toroli lilikuwa palepale limeegemea uzio, ambapo askari walikuwa wameliacha kama kielelezo. Mzee Maige alikwenda, akaweka ukingo wa kiganja ndani ya bati, akalinganisha, akakishusha kidogo, akakaza. "Hapa."

Eufrasia alitoa futi kamba mkobani. Akampa Inspekta ncha moja aishike.